Hadithi ikikwama, itie mdomoni

Vijana ninaowafundisha kuandika hadithi hapa Unguja huniuliza sana swali moja: nifanye nini hadithi ikinigomea katikati? Mwanzo wanao, mwisho wanauona kwa mbali, ila katikati pamekauka. Wengi hufunga daftari wakangojea ilhamu irudi.

Mimi huwaambia wasingoje. Waende barazani, au jikoni kwa bibi, wakaisimulie.

Tazama hadithi zetu zilivyoundwa. Msimulizi akisema "Paukwa!", haendelei mpaka waliomzunguka waitikie "Pakawa!" Kisha ndani mna wimbo: binti aliyepotea anaimba, ndege anaimba, hata zimwi linaimba, na watoto wanapokea. Msikilize bibi yule yule usiku mwengine. Masimulizi hubadilika, leo safari ndefu, kesho fupi, lakini wimbo ni ule ule. Huo ndio unaoishika hadithi, na watoto wakiitikia bibi hupata nafasi ya kuvuta pumzi na kukumbuka kinachofuata.

Kwa hiyo aliyekwama namuuliza: wimbo wa hadithi yako upi? Si lazima uimbwe. Huenda ni neno analolirudia mama, au deni linalotajwa kila mgeni akibisha hodi. Akiupata, aurudishe pale palipokauka, aone safari hii wahusika wataujibu vipi. Na anaposimulia awatazame wasikilizaji: wakianza kuangalia pembeni, hapo pana maneno ya kukatwa.

Siti binti Saad wa Fumba, mwimbaji wetu wa taarabu, alianza kwa kutembeza vyungu akiviimbia ili vipate wanunuzi. Mwaka 1928 akawa Bombay, anarekodi santuri kwa Kiswahili. Mfano huu naupenda mno, kwani sauti ile ilikomaa kazini, mbele ya watu waliokuwa na hiari ya kupita zao.

Kuandika mbali na watu wako ni kugumu zaidi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alihamia Uingereza angali kijana. Riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987, Tuzo ya Nobel ikaja 2021. Ustahimilivu huo nauheshimu kwa moyo wote. Ila kijana wa Wete au Makunduchi wasikilizaji anao hapo hapo nyumbani. Amsimulie mdogo wake usiku huu, amwachie pale palipomkwamisha. Asubuhi, kabla ya skuli, ataulizwa zimwi limefika wapi, na itabidi awe na jawabu.