GV ya dukani, chumvi na kasi ya mmenyuko: mradi wa maabara ya kemia ya fizikia

Mradi maalumu wa shahada ya kwanza huwa mzuri pale mwanafunzi anapoweza kusema, kabla hajagusa pipeti, jibu litaelekea upande gani na kwa nini. Kwa kinetiki, yaani elimu ya kasi ya mmenyuko, napendekeza GV, ile dawa ya zambarau inayouzwa duka la dawa. Rangi yake, kristali violeti, ni ayoni yenye chaji +1. Ikikutana na sodiamu haidroksidi, OH⁻ hujishikiza kwenye kaboni ya katikati na zambarau hufifia taratibu mbele ya macho.

Kupima k (namba inayoonyesha kasi ya mmenyuko) peke yake ni zoezi la kawaida. Mradi unaanza na swali hili: tukiongeza chumvi isiyoshiriki kwenye mmenyuko, kasi itabadilikaje? Kwa mlinganyo wa Brønsted na Bjerrum, ukichora logi ya k dhidi ya √I (I ni nguvu ya ayoni, kipimo cha wingi wa chaji kwenye mchanganyiko) kwenye nyuzi 25, mteremko ni 1.02 mara zidisho la chaji mbili. Hapa chaji ni +1 na −1, kwa hiyo kasi lazima ishuke, na mteremko uwe karibu na −1.02.

GV ya 0.5% ina ukolezi wa takriban 0.012 M. Chukua mililita 1, ijazie maji hadi mililita 500, upate kama 2.5 × 10⁻⁵ M. Andaa pia NaOH 0.10 M kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa yakiwa yamefunikwa, kwani kaboni dioksidi hula OH⁻ kimyakimya. Pima ukolezi wake halisi kwa titresheni siku hiyohiyo. Chumvi ni NaNO₃ 0.5 M, yaani gramu 4.25 katika mililita 100.

Kila mchanganyiko uwe mililita 10: GV 4, NaOH 1, chumvi 0, 0.6, 1.6 au 3.0, na maji yanayobaki. Ujazo huo wa chumvi haukuchaguliwa ovyo. Pamoja na 0.01 ya NaOH yenyewe, unatoa I ya 0.01, 0.04, 0.09 na 0.16, hivyo √I ni 0.1, 0.2, 0.3 na 0.4, nukta zilizopangana sawasawa kwenye grafu. NaOH iingie mwisho, saa ianze hapohapo, na spektrofotomita isome kwenye nanomita 590 kila sekunde 20. Rangi hupungua nusu kwa dakika chache tu, kwa hiyo mizunguko yote ya vipimo inaingia katika kipindi kimoja cha maabara.

Sasa adui mkubwa: joto. Kutoka I ya 0.01 hadi 0.09, k hushuka kwa karibu theluthi moja. Lakini nishati ya uamilisho (ile inayohitajika ili mmenyuko uanze) ya mmenyuko huu ni kama kJ 60 kwa moli, maana yake kila nyuzi moja hubadilisha k kwa takriban 8%. Chumba kikipanda nyuzi 4 kati ya mzunguko wa kwanza na wa mwisho, sehemu kubwa ya athari ya chumvi imefutika na mwanafunzi ataandika kwamba nadharia imeshindwa! Chupa zote zikae kwenye beseni moja la maji kabla ya kuchanganywa, na joto lipimwe ndani ya kuveti yenyewe, kile kichupa kinachoingia kwenye spektrofotomita. Mizunguko ifanywe kwa mpangilio uliochanganywa, isiwe kutoka chumvi kidogo kwenda nyingi.

Kosa la pili ni rangi kung'ang'ania kwenye kuta za kuveti. Grafu ya ln A dhidi ya muda (A ni kiasi cha mwanga ambacho rangi hufyonza) huanza imenyooka kisha hupinda mwishoni, na wengi hudhani mmenyuko si wa oda ya kwanza, yaani kasi haiendi sawia na ukolezi wa rangi. Suuza kwa asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, kisha ethanoli, kisha maji. Glovu na miwani ni lazima.

Nukta ya 0.16 itakaa juu ya mstari. Isifutwe. Hapo ndipo sheria sahili ya Debye na Hückel, msingi wa mlinganyo wetu, inapoanza kuchoka. Mwanafunzi achore upya kwa √I/(1+√I) aone nukta zikirudi kwenye mstari.

Kundi lenye muda libadilishe chumvi kwa CTAB, sabuni yenye kichwa chanya: miseli zake (vifungu vidogo vya molekuli zilizokusanyika) huvuta OH⁻ na kasi hupanda. Maji yakiwa chini ya nyuzi 25 hivi CTAB hujitenga kama fuwele, kwa hiyo beseni lipandishwe hadi 30, na mzunguko usio na CTAB urudiwe kwenye joto hilohilo.