Simu haina njaa ya data, inakula data

Wiki hii tafsiri yangu imerudi tena na marekebisho yaleyale. Niliandika "modeli hizi hula data nyingi", yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na data, mhariri akafuta, akaweka "modeli zenye njaa ya data". Sababu yake: Kiingereza kimesema "data-hungry", kwa hiyo njaa lazima ionekane. Ni mara ya nne mwaka huu, na nimechoka kujibu pembeni mwa ukurasa.

Tuanze na gari. Mwingereza akiona gari linalomaliza tangi upesi, husema ni "thirsty". Fundi wa gereji hapa kwetu atakuambia linakula mafuta, au linakunywa mafuta. Mwambie gari lako lina kiu, atafungua boneti akague maji ya rejeta. Simu nayo ni hivyohivyo: hii apu inakula bando. Sitiari ya ulaji tunayo, tena tunaitumia kila siku sokoni na kwenye daladala. Ila Kiingereza huanzia kwenye hamu, kabla chakula hakijafika. Kiswahili, kwa kitu kisicho na roho, huanzia pale kinapotafuna.

Halafu njaa yenyewe. Kwetu njaa kwanza ni ukosefu: ghala tupu, mvua iliyogoma. Andika "wizara ina njaa ya data" na msomaji wangu ataelewa kwamba wizara haina data, wakati mwandishi alimaanisha wizara inayokusanya kila kitu na bado inataka zaidi. Kiingereza kina neno jingine la huo ukosefu, "data-starved", na mhariri huyuhuyu hulitafsiri kwa njaa ileile. Sasa msomaji atazitofautishaje? Isitoshe, mjini ukisema "yule ana njaa", umesema ana dhiki na hela kidogo inamnunua. Mtafiti gani atafurahia sifa hiyo?

Kiu sina ugomvi nayo. Tunasema kiu ya elimu, basi kiu ya takwimu inapita. Hamu na shauku ni salama, ingawa zimepoa kidogo.

Neno ninalolipigania ni uchu. Asili yake ni hamu ya kitoweo, nyama au samaki, ile inayomshika mtu aliyekula ugali na mboga za majani wiki nzima. Magazeti yamelihamishia kwenye siasa, uchu wa madaraka, na tangu hapo limebeba lawama. Kampuni inayochukua namba za simu za watu wako wote na mahali ulipo usiku wa manane, ina uchu wa data. Lakini hapa ndipo ninaposita. "Appetite for data" ya Kiingereza mara nyingi haimlaumu mtu. Nikiweka uchu, nimetoa hukumu ambayo mwandishi hakuitoa. Nimewahi kufanya hivyo kwa kuwa sentensi ilinoga, na hadi leo sina hakika kama nilikuwa na haki.

Na kuna mambo mawili yanayonisumbua zaidi. Biblia ya Kiswahili, Mathayo 5:6, inasema "wenye njaa na kiu ya haki", na sijasikia muumini yeyote akilalamika kwamba si Kiswahili. Naweza kujitetea kwamba hata pale ni ukosefu, watu walionyimwa haki. Utetezi huo haunisaidii kwenye mpira. Watangazaji husema timu ina njaa ya mafanikio hata kama kabati lake limejaa vikombe, na vijana wanaelewa bila shida. Kwao njaa imeshaanza kuwa hamu, na huenda baada ya miaka ishirini mhariri wangu ndiye atakayekuwa sahihi.

Kwa modeli nimerudisha "hula". Palipotajwa watafiti nimeandika "wanaosaka takwimu usiku na mchana", na nimemtumia kazi leo asubuhi.