Raundi Iliyomalizwa kwa Kuanguka

Kila ninapowasomea mabondia chipukizi kanuni kabla ya pambano, hakosi mmoja wa kuniuliza kama ni kweli kwamba zamani watu walipigana raundi 75. Ni kweli, lakini raundi ya wakati huo haikuwa hii tunayoijua. Wengi wanaosimulia historia ya ngumi za kulipwa hukawia kwenye glovu. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ulingoni ni uamuzi, naona kilichogeuza mchezo huu ni saa.

Tuanzie London. James Figg alifungua ukumbi wake mwaka 1719, na humo upanga na fimbo vilikuwa na nafasi sawa na ngumi. Jack Broughton ndiye aliyeutia mchezo adabu. Mwaka 1741 alipambana na George Stevenson, ambaye alifariki baada ya pambano hilo, na mwaka 1743 Broughton akaandika kanuni za ukumbi wake. Zilisema kwamba mtu akianguka raundi imekwisha, na wasaidizi wake wana nusu dakika ya kumrudisha kwenye mraba uliochorwa kwa chaki katikati ya jukwaa; akishindwa kufika hapo, ameshindwa pambano. Ilikatazwa kumpiga aliyeanguka na kumkamata chini ya kiuno. Nywele hazikutajwa, na ndiyo maana John Jackson, mwaka 1795, aliweza kuzishika nywele za Daniel Mendoza kwa mkono mmoja na kumtwanga kwa mwingine bila mwamuzi kuwa na la kusema.

Fikiria matokeo ya kanuni hiyo ya kuanguka. Raundi iliweza kuisha kwa sekunde chache au ikaendelea kwa dakika nyingi, na kumkumbatia mpinzani juu ya kiuno na kumbwaga chini kulikuwa sehemu halali ya ufundi. Aliyechoka aliweza kujiangusha kwa konde jepesi ili apate nusu dakika ya kuvuta pumzi. Kanuni za baadaye zilipiga marufuku hila hiyo, ila niambie ni refa gani atakayethibitisha kwamba magoti ya mtu yalilegea kwa makusudi. Mikono nayo ilikuwa na mipaka yake, kwa sababu mifupa ya vidole ni midogo na fuvu ni gumu, hivyo mpiganaji mwenye busara hakurusha makonde mazito kichwani ovyo. Glovu ilipokuja ilikinga zaidi mkono wa anayepiga kuliko kichwa cha anayepigwa, jambo ambalo nalirudia kila mwaka na bado halijazoeleka masikioni mwa watu.

Pambano la Tom Sayers na Mmarekani John C. Heenan, lililofanyika Farnborough tarehe 17 Aprili 1860, linaonyesha mfumo huo ulipofika ukingoni. Mapambano ya aina hiyo yalikuwa haramu, kwa hiyo watazamaji walisafirishwa kwa treni kutoka London bila tiketi zao kutaja waendako. Madaraja ya uzito hayakuwapo, na Sayers alikuwa mdogo kuliko mpinzani wake kwa zaidi ya kilo 15. Mkono wake wa kulia uliumia mapema, macho ya Heenan yakavimba hadi karibu kufunga, na baada ya zaidi ya saa 2 polisi waliingilia na vurugu zikazuka, likahesabiwa sare.

Kanuni mpya zilitoka mwaka 1867. Ziliandikwa na John Graham Chambers, ingawa zinaitwa kwa jina la Queensberry, kabaila aliyeziunga mkono. Ziliweka raundi za dakika 3, mapumziko ya dakika 1, glovu, na marufuku ya mieleka. Na aliyeangushwa alipaswa kuinuka mwenyewe ndani ya sekunde 10, bila kuguswa na msaidizi.

Hata hivyo desturi ya zamani haikufa mara moja. Tarehe 8 Julai 1889, huko Richburg, Mississippi, John L. Sullivan na Jake Kilrain walipigana kwa mikono mitupu katika jua kali kwa saa 2 na dakika 16. Hizo ndizo raundi 75 ambazo vijana huniuliza. Ukiondoa mapumziko, raundi moja kwa wastani haikufika dakika moja na nusu, maana Kilrain alikuwa akikimbia na kuanguka, akimwacha Sullivan na hamu ya kumpata. Mwishowe kona ya Kilrain, yaani wasaidizi wake, ndiyo iliyosalimu amri. Refa wa siku ile, John Fitzpatrick, baadaye alikuwa meya wa New Orleans.

Miaka 3 baadaye, tarehe 7 Septemba 1892, Sullivan alipanda ulingoni mjini New Orleans akiwa amevaa glovu, chini ya kanuni za Queensberry, dhidi ya James J. Corbett aliyekuwa na umri wa miaka 26. Corbett alimzunguka raundi baada ya raundi akijua kengele itamwokoa au itamrudisha kazini bila mtu kulazimika kuanguka. Katika raundi ya 21 Sullivan alianguka. Kule Richburg wasaidizi wake wangemkimbilia, wakamwinua na kumfuta uso kwa nusu dakika. Hapa walisimama nje ya kamba wakimsikiliza refa akihesabu hadi 10.