Lengo ambalo jiwe haliwezi kulitimiza

Fungua faili za watoto wenye mahitaji maalumu katika shule nyingi za huku kwetu, kuanzia Malindi hadi visiwa vya Lamu, utakuta malengo yaleyale: "ataboresha mawasiliano", "atatulia darasani", "atajua namba 1 hadi 50". Muhula unaisha na hakuna anayeweza kusema kama yametimia, kwa hiyo yananakiliwa muhula unaofuata.

Mimi huyachuja malengo kwa swali moja: mtoto asipoweza jambo hili, kuna mtu atalazimika kumfanyia? Kuvaa nguo, kujitawadha, kununua mkate, kuonyesha kwamba tumbo linamuuma. Yote haya asipoyafanya yeye, atafanyiwa na mama, dada au jirani. Kupaka rangi bila kutoka nje ya mstari hakuna atakayemfanyia, kwa sababu hakuna anayelihitaji jambo hilo. Ikiwa nia ni kuimarisha vidole, basi andika vidole: atafungua kifuniko cha chupa ya maji, atafunga kifungo.

Orodha nzuri hutoka nyumbani, ila inategemea unauliza vipi. Ukimwuliza mama "unataka mtoto afike wapi?", atakujibu "asome tu, mwalimu", na mazungumzo yameishia hapo. Mwombe akuelezee siku nzima, tangu alfajiri hadi kulala, na kila mahali inapokwama. Hapo utasikia kwamba kila asubuhi anavishwa nguo akiwa amesimama kama nguzo, au kwamba hali kitu kisichokuwa cheupe. Chagua mambo mawili, yakizidi sana matatu. Faili lenye malengo kumi halina lengo.

Kabla ya kuandika chochote, hakikisha macho na masikio yamepimwa. Sikio linalotoa usaha humfanya mtoto aonekane mkaidi, na utatumia muhula mzima kumfundisha "kufuata maagizo" ambayo hayasikii. Vituo vya tathmini ya elimu vilianzishwa Kenya tangu 1984, na mwalimu mkuu anaweza kumwandikia mzazi barua ya kumpeleka mtoto huko. Kisha mtazame mtoto siku tatu bila kumfundisha. Andika anachoweza leo, kwa msaada gani. Bila mwanzo huo hutajua kama amesogea.

Lengo lenyewe lina sehemu nne: katika hali gani, atafanya nini, kwa kiwango gani, kufikia lini. Na liwe tendo. Kama jiwe linaweza kulitimiza, si lengo. Jiwe hutulia darasani dakika ishirini, na halimpigi mwenzake hata siku moja. Mtoto mwenye usonji anayepiga meza kelele zikizidi mwandikie hivi: "Kelele zikimzidi, atampa mwalimu kadi ya kupumzika, mara 4 kati ya 5, bila kukumbushwa, kufikia mwisho wa muhula." Kadi ni kipande cha boksi chenye picha, kimefunikwa selotepu pande zote mbili, maana unyevu wa pwani huila karatasi tupu upesi. Akitoa kadi, apumzishwe papo hapo, hata kama bado sentensi mbili somo liishe. Ukimwambia "ngoja kidogo" siku za mwanzo, umemfundisha kwamba meza hujibu haraka kuliko kadi.

Kiwango ndipo wengi huteleza. Mara 8 kati ya 10 inafaa kwa vifungo na kuhesabu sarafu. Haifai kwa hatari. Chukua mtoto kiziwi katika vichochoro vya mji wa Lamu: punda anakuja na mzigo wa matofali, mwenyewe anapiga ukelele "simile!", na mtoto hasikii. Lengo lake ni kusimama kila anapofika pembeni mwa ukuta, kuangalia pande zote mbili, na akimwona punda kujibana kwenye baraza hadi apite. Hapo ni 10 kwa 10, na mpaka afike, mtu mzima yuko naye. Hali ni hiyohiyo kwenye gati, na kwa tuktuk za Malindi.

Msaada nao uandikwe, kwa herufi moja tu: M, nimeushika mkono wake, G, nimemgusa kiwiko, I, nimemwonyesha kwa ishara, N, nimemwambia, P, peke yake. Kabla ya kuongeza msaada, hesabu moyoni hadi tano. Watu wazima wengi hawafiki mbili. Mtoto wa mtindio wa ubongo huenda ameshaanza kuusogeza mkono wewe ukamwahi, na baada ya mwezi anakaa akikusubiri. Ukurasa wa daftari wenye tarehe na safu ya herufi, M M G M G G I, unasema mengi kuliko "anaendelea vizuri".

Kazi ndefu ikatwe vipande. Kanzu, kwa mfano: itandaze kitandani kifua kikiwa chini na pindo likimwelekea mtoto, akusanye pindo kwa mikono miwili, aingize kichwa, mkono wa kulia, wa kushoto, aishushe hadi miguuni. Anza kufundisha kutoka mwisho. Wewe fanya yote, umwachie kushusha tu. Akiweza siku tatu mfululizo, mwachie mkono wa kushoto na kushusha. Kila jaribio linaishia yeye akiwa amevaa, na hiyo ndiyo sababu njia hii hushinda ile ya kuanzia mwanzo, ambapo mtoto huchoka na kulia kanzu ikiwa bado shingoni. Kifungo ni lengo jingine, usikichanganye humu.

Herufi zisiposogea wiki mbili, gawanya kipande kilichokwama au badilisha saa ya kufundisha. Usiandike "mtoto hana ari". Mara nyingi kilichokwama ni watu: shuleni anavaa, nyumbani bibi anamhurumia na kumvisha, kwa mapenzi. Bibi hahitaji hotuba. Mwonyeshe kile kipande kimoja ambacho ni cha mjukuu, yeye abaki na vingine.

Jaribu pia mahali pengine. Anayehesabu vizibo darasani hadi 20 huenda dukani akaduwaa na noti ya 50. Lengo la kununua lipimwe dukani, kwa pesa halisi, kwa muuzaji aliyeombwa mapema asimpe kitu kabla mtoto hajaonyesha kadi yenye picha ya anachotaka au kukitamka.

Ramadhani ikiingia, malengo ya chakula yahamie nyumbani baada ya futari, na mengine yapangwe asubuhi kabla nguvu hazijapungua. Usiyasimamishe mwezi mzima, utarudi kwenye M. Nakala ya lengo iwe kwa mwalimu wa darasa, nyumbani penye kuonekana, na kwa ustadhi wa madrasa, ambaye humwona mtoto kila alasiri na mara nyingi hakuna aliyemwambia kitu.