Kwa nini mtu aliyedhalilishwa kazini anaendelea kuogopa watu hata akihama ofisi?

Hali hii maofisini ipo sana. Mtu alikuwa muongeaji mzuri tu, siku moja bosi akamkatisha mbele ya kikao kizima, akaisoma ripoti yake kwa sauti huku wengine wanacheka, na mchezo ukawa ndio huo miezi na miezi mpaka akaacha kazi. Akapata kazi nyingine, bosi mstaarabu, wenzake hawana shida. Lakini akiulizwa tu "na wewe mwenzetu unaonaje?", moyo unamuenda mbio, viganja vinalowa, sauti inagoma kutoka. Aliyemtesa hayupo, sasa anaogopa nini?

Jibu la haraka ambalo kila mtu analo ni kwamba hajazoea tu, mpeni muda, ajichanganye na watu itaisha. Wanaosema hivyo wana nia njema kabisa, na lina mantiki, maana hofu nyingi kweli hupungua ukizikabili. Lakini mtazame huyu mtu vizuri. Anapanda daladala iliyojaa kila asubuhi, anahudumia wateja, anakaa vikaoni kila wiki, yaani watu anakutana nao kuliko hata huyo anayemshauri. Kama dawa ingekuwa ni wingi wa kukutana na watu basi angeshapona zamani sana, na bado wapo wanaoishi na hofu hii miaka na miaka huku wanaenda kazini kila siku. Na ushauri huo una madhara yake, kwa sababu akijichanganya na asipopona anaamini kwamba ubovu uko kwake mwenyewe. Wengine wanasema ni aibu ya kuzaliwa nayo. Ni kweli tabia ya kurithi ina mchango kwenye hofu ya watu, yaani hii ya kuogopa kutazamwa na kuhukumiwa na wengine, ila haielezi kwa nini mtu aliyekuwa anaongea vizuri mpaka mwaka juzi leo hawezi kujitambulisha kikaoni.

Swali hilohilo, kwa nini kukutana na watu peke yake hakuponyi, ndilo lililowakalisha chini wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells huko Uingereza, na mwaka 1995 wakatoa maelezo ambayo bado yanatumika. Walisema tusihesabu mtu kakutana na watu mara ngapi, tuangalie anafanya nini akiwa nao. Na ukiangalia, huyu mtu kikaoni ana shughuli nyingi kweli: kaandika kwenye daftari neno kwa neno atakachosema, kakaa karibu na mlango, kikombe cha chai kakishika kwa mikono miwili kisitetemeke, akiongea anaongea mbio amalize, na macho yako mezani muda wote. Zote hizo ni kinga. Kikao kikiisha bila balaa, akili yake haisemi "kumbe hawa watu hawana neno", inasema "leo zile kinga zimeniokoa".

Chukulia mtu aliyewahi kung'atwa na mbwa mtaani. Sasa kila akipita kwenye ile nyumba anashika fimbo, anatembea upande wa pili wa barabara, anapita mbio. Mbwa siku hizi kafungwa mnyororo nyuma ya nyumba, lakini atajuaje? Kila akifika salama sifa zinaenda kwa fimbo. Anaweza kupita hapo mara elfu na hizo mara elfu zote zikamfundisha kitu kimoja tu, kwamba usisahau fimbo. Ndio maana kumwambia apite mara nyingi zaidi hakusaidii. Inabidi siku moja aiache fimbo nyumbani, apite taratibu, aangalie kule uani.

Wells na wenzake walilijaribu hilo mwaka huohuo wa 1995. Watu wanane wenye hofu ya watu waliingizwa kwenye mazingira wanayoyaogopa, mara moja na kinga zao kama kawaida, mara nyingine wakiwa wameambiwa waziache, na walipoziacha hofu ilishuka zaidi pamoja na ile imani yao kwamba kuna jambo baya litatokea. Wanane ni wachache mno, huwezi kujenga nyumba nzima juu ya hao, ila wazo lenyewe liliingizwa kwenye tiba kamili na tiba hiyo imepimwa kwenye majaribio makubwa zaidi, na mwaka 2013 mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoshauri tiba zipi zitumike, ukaiweka kati ya tiba za kwanza za kupewa mtu mzima.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba kinga zenyewe zinazalisha kile kinachoogopwa. Ukikibana kikombe kwa nguvu ndio mkono unazidi kutetemeka. Ukikariri sentensi yako kichwani husikii mwenzako kasema nini, ukija kujibu unajibu kingine. Usipomtazama mtu anakuona unaringa, na yeye anapoa, wewe unasoma kwamba hakupendi.

Halafu kuna picha. Watu hawa wakiwa kwenye hofu wanajiona wenyewe kutoka nje, kama kuna kamera kwenye kona ya dari: uso mwekundu au umejaa jasho, mdomo unababaika. Mwaka 2000 Ann Hackmann, Clark na mwenzao waliwahoji wagonjwa 22, na karibu wote waliweza kuiunganisha picha hiyo na tukio fulani la zamani la kuaibishwa, kuchekwa au kusemwa. Yaani kikao ni cha leo, picha ni ya kikao kile kingine. Na picha hiyo inadanganya: Ron Rapee na Lina Lim walishaonyesha mwaka 1992 kwamba watu wenye hofu hii wakihutubia wanajipa alama mbaya kuliko wanazopewa na waliowasikiliza. Ndio maana kwenye tiba mgonjwa anarekodiwa video, ila kabla ya kuitazama anaeleza kwanza anategemea kuona nini, kisha anajiangalia kama anamtazama mtu asiyemjua.

Je, hicho ni kiwewe kama cha ajali au vita? Hapa wataalamu wanabishana. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili wa 2013, DSM-5, ili mtu ahesabiwe ana kiwewe unataka tukio liwe la kifo au hatari ya kifo, jeraha kubwa au ukatili wa kingono, kwa hiyo kudhalilishwa kikaoni kunabaki nje. Lakini mwaka 2006 timu ya Brigette Erwin na Richard Heimberg huko Philadelphia ilikuta zaidi ya theluthi moja ya watu wenye hofu ya watu wanafikia vigezo vya dalili za kiwewe kutokana na tukio la kijamii kama kuaibishwa, kilichopungua ni hilo sharti la aina ya tukio tu. Kwa upande wa kazini, Morten Birkeland Nielsen na wenzake wa Norwe walikusanya tafiti nyingi mwaka 2015, na asilimia 57 ya walionyanyaswa walivuka kiwango cha dalili za kiwewe. Tahadhari ni kwamba nyingi zilitumia dodoso, sio daktari aliyekaa na mtu, na nyingi zilipima mara moja, hivyo inawezekana pia aliyekuwa tayari na hofu ndiye anayelengwa zaidi.

Na yote haya ya kuacha kinga yanamhusu aliyekwisha kutoka. Anayedhalilishwa mpaka leo na bosi yuleyule, huyo mbwa wa mfano wetu bado hajafungwa, hofu yake inasema kweli, na kinachotakiwa kubadilika kwanza ni ofisi. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019 unautaja wazi ukatili na unyanyasaji kazini, na madhara ya kisaikolojia umeyaweka sambamba na ya mwili.