Ukombozi si zawadi

Mara ya kwanza nilinyamaza. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa juzi, barazani kwa muuza kahawa hapa Magomeni, Bagamoyo, taarifa ya habari ikionyesha watu wanaofyatuliwa risasi na serikali yao. Kijana mmoja akaweka kikombe chini, akasema kwa uchungu wa kweli: "Hawa wanahitaji mtu wa kuwakomboa, kama sisi tulivyowapa Msumbiji uhuru."

Uchungu wake ni wangu pia. Maneno ndiyo yaliyonikaa kooni.

Kwa ufupi, uhuru ni hali: kutokuwa chini ya amri ya mwingine. Ukombozi ni kazi ya kutoka kwenye kuonewa. Tofauti hiyo wengi wanaijua. Wasichojua ni yalikotoka maneno yenyewe.

Huru tumeipata kwenye Kiarabu, na huko ni mtu asiye mtumwa. Pwani hii lilikuwa neno la mtu kabla halijawa la nchi. Bwana aliyemwachia mtumwa wake, husemwa amemwacha huru. TANU walipolipandisha jukwaani, waliokuwa na mababu watumwa walilisikia kwa namna ambayo sisi hatuwezi kulisikia tena.

Komboa ni neno la deni. Bibi yangu aliwahi kuweka rehani bangili zake mbili za dhahabu ili mjomba apate kutibiwa. Siku ya kuzikomboa alinichukua. Alifungua fundo la kanga, akahesabu noti moja moja juu ya meza ya yule bwana, akazivaa palepale, akazisugua kwa upindo wa kanga mpaka zikang'aa. Ndiyo maana ya asili hiyo: unalipa, unachukua chako. Hata leo mawakala wa bandarini husema wanagomboa mzigo, na ni neno lilelile. Katika kamusi za zamani utakuta pia makombozi, yaani ile fedha yenyewe inayolipwa.

Sasa tazama: bangili hazikuulizwa kitu. Zilitoka mkono mmoja zikaingia mwingine.

Na hapa Bagamoyo neno hilo limewahi kutumika kwa watu kwa maana hiyohiyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao mwaka 1868, walitoa fedha kuwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji. Ilikuwa rehema, wala siibezi; kuna waliopona kwa ajili yake. Lakini waliokombolewa waliishi kwa kengele ya misheni, wakalima shamba la misheni, hata ndoa zao zilipitia mkononi mwa misheni. Walikuwa wamekombolewa. Kuwa huru kulibaki safari nyingine.

Ndiyo sababu "tuliwakomboa Msumbiji" inaniudhi. Anayekomboa ndiye mlipaji, na mlipaji ana dai. Anayesema hivyo amejifanya mwenye bangili.

Yaliyotokea ni haya. FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na wakaanza vita wenyewe Septemba 1964. Bendera yao ilipanda tarehe 25 Juni 1975. Katikati hapo walimzika kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliyeuawa kwa bomu Dar es Salaam mwaka 1969, na vijana wasio na idadi ambao majina yao hatuyajui. Kamati ya Ukombozi ya nchi za Afrika, iliyoundwa 1963 na kuweka ofisi Dar, haikumkomboa mtu. Ilikusanya michango ya serikali na kuipeleka kwa wanaopigana. Tanzania ilitoa ardhi ya kambi, Kongwa na Nachingwea, na nafasi katika redio. Shule ya sekondari ya FRELIMO ilikuwa hapahapa Bagamoyo. Kiswahili kina neno zuri kabisa kwa kazi hiyo: kuunga mkono. Mkono wa kwanza ni wa mwenyewe. Wako unaungwa hapo.

Najua nitaambiwa: na Uganda je? Kweli, mwaka 1979 jeshi letu liliingia mpaka Kampala, na watu wa huko wakawaita askari wetu, pamoja na Waganda waliokuja nao, bakombozi. Amin aliondoka. Lakini uchaguzi wa Desemba 1980 ulizua ugomvi, na vita vikaendelea mpaka Januari 1986. Kumng'oa dhalimu kunaweza kufanywa na jirani. Kilichobaki baada yake jirani hawezi kukifanya, hata akiwa na nia njema kama ya yule kijana.

Kwa hiyo nilimsogelea. Nikamwambia, mdogo wangu, kwa Msumbiji sema: tuliwaunga mkono, wakajikomboa. Ile "ji" usiiangushe, imebeba watu wengi.

Akafikiri, akanyanyua kikombe, kahawa imeshapoa. "Na hawa wa leo, niseme nini?"

"Sema tuwaunge mkono wajikomboe. Halafu tuwasikilize wanataka mkono wa namna gani: pa kulala watoto wao, michango, au habari zao zisizimwe."

Akarudia polepole, "wajikomboe," akaagiza vikombe viwili vya moto.