Bonde kwenye grafu: spika mbovu au chumba?

Dhana: "Grafu ina bonde la desibeli 12, kwa hiyo spika imekufa."

Ukipima spika nyumbani kwa maiki, unapata grafu ya nguvu ya sauti kwa kila masafa, na bonde ni pale inaposhuka ghafla. Lakini maiki haijui kutenganisha spika na chumba, inanasa vyote kwa mpigo. Katika sebule ya kawaida, chini ya takriban Hz 250 chumba ndicho kinachotawala mchoro. Gawanya mwendo wa sauti, mita 343 kwa sekunde, kwa mara mbili ya urefu au upana wa chumba: chumba cha mita 4 kwa 3 huvuma kwenye Hz 43 na Hz 57. Maiki ikiwa katikati kabisa, masafa hayo hufifia. Ukiipeleka kwenye kona, yanavimba. Spika ni ileile.

Halafu kuna ukuta ulio nyuma ya spika. Besi husambaa pande zote, hugonga ukuta na kurudi ikiwa imechelewa. Gawanya 343 kwa mara nne ya umbali huo: uso wa wufa (kipaza cha besi ndani ya spika) ukiwa sm 70 kutoka ukutani, tarajia bonde karibu na Hz 122. Sogeza spika hadi mita 1 upime tena. Bonde likihamia Hz 86, usiguse bisibisi. Likiganda palepale kila unapohamisha spika na maiki, tena kwenye masafa ambayo krosova, yaani sakiti iliyo ndani ya spika, inagawa kazi kati ya wufa na twita (kipaza cha sauti za juu), hapo ndipo pa kushuku nyaya za twita zilizogeuzwa. Linganisha kwanza na spika pacha yake, maana baadhi ya watengenezaji hugeuza chanya na hasi makusudi.

Dhana: "Ikwalaiza itafukia bonde."

Kilima, yaani masafa yaliyopanda, ikwalaiza hukishusha vizuri tu. Bonde ni mawimbi mawili yanayouana: ukipandisha moja, na lile linalorudi kutoka ukutani linapanda vilevile. Isitoshe, desibeli 10 zaidi zinataka nguvu mara 10. Amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 20 sasa inadaiwa 200, na wufa ndiyo italipa.

Dhana: "Trei za mayai zinatibu chumba."

Hazitibu. Ni karatasi nyepesi, na hata sponji ya sm 2.5 hunyonya masafa ya juu tu, wakati robo ya wimbi la Hz 50 ina mita 1.7. Matokeo yake sauti za juu zinafifia huku besi ikiendelea kunguruma. Mabamba ya pamba ya mawe ya sm 10, yakiachiwa nafasi ya sm 10 nyuma yake, yanafanya kazi kweli, ingawa nayo hulegea kadiri unavyoshuka chini ya Hz 100.

Dhana: "Bila chumba maalumu kisicho na mwangwi, huwezi kupima spika yenyewe."

Unaweza, kwa vipande viwili: masafa ya juu kwanza, kisha besi. Weka twita na maiki kwenye kimo cha mita 1.2, zikiwa zimeachana mita 1, kuta zikiwa mbali kuliko sakafu. Sauti inayodunda sakafuni husafiri mita 2.6, hivyo huchelewa kama milisekunde 4.7. Kwenye programu ya kupima sauti kama REW, funga dirisha la muda (kipande cha rekodi kinachochanganuliwa) kabla haijafika. Gharama yake ni kwamba chini ya Hz 210 hivi grafu haina taarifa. Mstari unaouona huko ni mapambo.

Besi ipime maiki ikiwa mm 5 kutoka katikati ya koni, njia aliyoieleza mhandisi wa spika Don Keele mwaka 1974. Kwa koni yenye kipenyo cha sm 13, iamini hadi Hz 800 hivi. Tundu la boksi hupimwa peke yake, na athari ya upana wa boksi haimo kwenye kipimo hiki hadi uihesabu mwenyewe. Wengi huunganisha vipande viwili hivi bila kuihesabu, kisha wanashangaa besi kuwa nyingi.

Dhana: "Kelele kidogo hazina shida, ongeza tu sauti."

Zima friji, na zaidi ya yote pangaboi: mapanga yake huakisi sauti yakizunguka, kwa hiyo kila kipimo hutoka tofauti. Badala ya kupaza, refusha mlio wa jaribio. Ukiurefusha mara mbili unapata kama desibeli 3 za nafuu.

Na pima spika moja moja. Zikilia pamoja, kwenye Hz 10,000 tofauti ya umbali ya sm 1.7 tu inatosha kuzifanya zifutane, na utapata grafu yenye meno kama kitana.